Mkalimani hospitalini: mwongozo kwa Mswahili anayeanza kazi Marekani

"Kaka, Kiswahili nakijua, Kiingereza nakijua, na hospitali wanatafuta watu. Nianze lini?"

Swali hili naulizwa karibu kila mwezi, na vijana waliomaliza shule hapa Marekani, na kina mama waliokuwa walimu Bukavu au Kigoma. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yao. Nimefanya kazi hii miaka kadhaa, ana kwa ana, kwa simu na kwa video, na wengi niliowahudumia ni watu wa Kongo ya Mashariki waliopitia kambi za Tanzania, Burundi na Uganda kabla ya kuletwa huku. Nitaeleza kwa kufuata siku ya kazi yenyewe, toka simu inapoita hadi unapochana karatasi ya mwisho.

Kwanza ujue kwa nini hospitali inakulipa. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza taasisi inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, na lugha imechukuliwa kuwa sehemu ya hilo. Sheria ya afya ya 2010, katika kifungu chake cha 1557, ikakaza zaidi: mgonjwa asiyejua Kiingereza vizuri ana haki ya mkalimani mwenye sifa, bila kulipa chochote. Kwa hiyo usiingie chumbani kama mtu anayetoa msaada wa hisani. Umekuja kutimiza haki ya mtu.

Maadili yenyewe yameandikwa. Wakalimani wa Massachusetts waliandika ya kwao mwaka 1987. Baraza la kitaifa la ukalimani katika huduma za afya, lijulikanalo kwa herufi NCIHC, likatoa kanuni za maadili mwaka 2004, na mwaka uliofuata likatoa viwango 32 vya utendaji. Kanuni ni tisa: usahihi, siri, kutopendelea, heshima, kutambua utamaduni, mipaka ya kazi, weledi, kujiendeleza na utetezi. Zisome zote, zinapatikana bure. Mimi nitakaa zaidi kwenye usahihi, kwa sababu hapo ndipo sisi Waswahili tunapoteleza, na tunateleza kwa kuwa tunadhani tumeelewa.

Hatua ya 1: Uliza lugha kabla ya kukubali kazi

Faili itasema "Congo, Swahili". Usiiamini. Mtu wa Kinshasa huenda anazungumza Kilingala na Kiswahili chake ni salamu tu. Mnyamulenge wa milima ya Uvira anaweza kukijua Kiswahili cha sokoni, lakini akieleza uchungu wa kuzaa anarudi kwenye lugha ya mama yake. Wapo pia Wabantu wa Somalia, ambao baadhi yao lugha yao ya nyumbani ni Kizigua. Watasikia neno moja moja katika Kiswahili chako na kuitikia "ndiyo" kwa adabu.

Basi ukifika, zungumza na mgonjwa dakika moja juu ya jambo jepesi: ametoka wapi, nyumbani wanaongea nini. Akijibu kila kitu kwa "ndiyo, ndiyo", muulize swali lisilojibika kwa ndiyo. Ukiona hamwelewani, mwambie daktari papo hapo kwamba lugha siyo hii. Utapoteza malipo ya siku. Yapoteze.

Hatua ya 2: Angalia kama unamjua

Jamii zetu huku ni ndogo. Utaingia chumbani ukutane na mama mnayesali naye, au kijana uliyemwongoza harusi yake. Ndugu wa karibu usimkalimanie kabisa, jitoe. Mtu unayefahamiana naye tu, sema wazi kwa pande zote mbili: "Mkalimani na mgonjwa wanafahamiana. Mama, uko huru kuomba mtu mwingine, na mimi sitakasirika." Maneno hayo ya mwisho ni ya lazima kwa mtu wetu, maana kumkataa mtu usoni kwetu ni jambo zito. Wakati mwingine ni bora umwombe nesi amuulize kwa mkalimani wa simu, wewe ukiwa nje.

Hatua ya 3: Jitambulishe, kisha chagua pa kukaa

Mimi husema hivi, na sijawahi kuona sababu ya kubadilisha:

"Shikamoo mama. Mimi ni mkalimani wa Kiswahili. Yote yatakayosemwa humu ndani, ya kwako na ya daktari, nitayasema bila kuacha neno. Nikisema 'mimi', anayesema si mimi mkalimani, ni wewe au ni daktari. Usilotaka daktari alisikie, usinieleze mimi. Yote yatabaki humu. Ukiona nakwenda mbio au hujaelewa, ninyooshee mkono."

Halafu unamgeukia daktari na kumwambia hayo hayo kwa Kiingereza. Kama mama amekujibu "Marahaba mwanangu, kwenu wapi?" mweleze daktari kwamba mmesalimiana na umeulizwa unakotoka. Daktari asibaki gizani hata kwa salamu. (Watu wengi wa Kongo hawana shikamoo, kwao "jambo mama" au "habari mama" inatosha, na haina upungufu wa heshima.)

Kaa pembeni ya mgonjwa, nyuma yake kidogo. Ukikaa katikati yao, wote wawili watakutazama wewe, na daktari atamsahau mgonjwa wake. Wakati wa kuvua nguo, simama nyuma ya pazia au geukia ukuta. Kama wewe ni mwanamume na mgonjwa ni mama mtu mzima aliyekuja kwa tatizo la uzazi, toa mwenyewe wazo la kutafutiwa mkalimani mwanamke, usingoje aseme.

Hatua ya 4: Sema kama aliyesema

Daktari akisema "nataka nikusikilize mapafu", nawe sema "nataka nikusikilize mapafu". Mgonjwa akisema "nimechoka na dawa hizi, hazina maana", hayo ndiyo maneno. Usiseme "anasema amechoka kidogo". Akitukana, tusi linavuka. Daktari akiwa mkali, ukali unavuka.

Lakini kuna jambo ambalo mafunzo ya Kiingereza hayatakufundisha. Lugha yetu inaweka heshima ndani ya kitenzi. Daktari akimwomba mzee wa miaka sabini avue shati kwa sauti ya upole, ukamwambia "Vua shati!", umemtia daktari ubaya ambao hakuwa nao. "Naomba uvue shati, mzee" ndiyo tafsiri sahihi. Hujaongeza kitu, umerudisha upole uliokuwa kwenye sauti.

Vivyo hivyo kwa mambo ya mwilini. Choo kikubwa na choo kidogo, siku za mwezi, tendo la ndoa: tumia maneno ya adabu maadamu maana haipungui. Inapopungua, acha adabu ushike maana. "Sehemu za siri" haimwambii daktari kama kidonda kiko nje au ndani. Muulize mgonjwa.

Hatua ya 5: Simamisha mazungumzo

Hii ndiyo hatua inayotenganisha mkalimani na mtu anayejua lugha mbili, nami nataka uisome polepole.

Mwaka 1980, huko Florida, kijana wa miaka 18 aitwaye Willie Ramirez alifikishwa hospitali akiwa hana fahamu. Familia yake ilizungumza Kihispania na ikasema ni "intoxicado", ikimaanisha amekula kitu kilichomdhuru. Madaktari wakasikia neno linalofanana na la Kiingereza la ulevi, wakamtibu kama aliyezidisha dawa za kulevya. Kumbe damu ilikuwa inavuja ndani ya kichwa. Alibaki amepooza mikono na miguu, na fidia ikafikia takriban dola milioni 71. Hakuna aliyeita mkalimani, kwa kuwa kila mtu alidhani ameelewa.

Kiswahili nacho kimejaa maneno ya namna hiyo. Haya ninakutana nayo kila wiki:

Mguu na mkono. "Mguu unaniuma" inaweza kuwa paja, goti, muundi au kisigino. Kiingereza kinatenganisha, na daktari ataandika utakachosema. Usichague wewe. "Mkalimani anaomba kumuuliza mgonjwa ni sehemu gani ya mguu." Basi, mgonjwa atagusa kwa kidole na kazi itaendelea.

Baba na mama. Daktari anauliza magonjwa ya ukoo. Mgonjwa anasema baba yake alikufa kwa presha. Baba yupi? Baba mkubwa ni baba, baba mdogo ni baba, na mtu aliyelelewa nao hataona haja ya kufafanua. Kwa saratani ya matiti tofauti ya mama mzazi na mama mdogo ni kubwa katika hesabu za daktari. Uliza: aliyekuzaa?

Yeye. Sentensi yetu haisemi kama mtu ni wa kiume au wa kike. "Mtoto wangu alifariki akiwa na miaka miwili." Ukibahatisha kwa Kiingereza, umemwandikia mama mtoto ambaye hakumzaa. Nimewahi kuona mama anayejua Kiingereza kidogo akisikia kosa hilo na kufunga mdomo hadi mwisho wa miadi.

Mganga. Kwa mtu wa pwani, "nilikwenda kwa mganga" ni tiba za kienyeji. Kwa Mkongo, munganga ni daktari wa hospitali. Ukifasiri kwa masikio ya kwenu, daktari ataandika kwamba mgonjwa aliacha hospitali akafuata mizizi.

Mawazo. Mama akisema "nina mawazo mengi, silali", ukaleta kwa Kiingereza kwamba ana fikra nyingi kichwani, umemwacha peke yake. Mawazo kwetu ni mzigo moyoni. Na bado si kazi yako kusema ana sonona. Mwambie daktari kwamba neno hili hubeba huzuni na wasiwasi, na kwamba inafaa mgonjwa aulizwe zaidi.

Chanya. Kipimo kikiwa chanya, mgonjwa asiyezoea anaweza kusikia habari njema. Mwombe daktari aseme kipimo kimeonyesha nini hasa, kisha wewe useme hicho: ugonjwa umeonekana, au haukuonekana.

Kila unaposimamisha, jitaje kwa nafsi ya tatu, "mkalimani anaomba", na ueleze pande zote mbili unauliza nini. Madaktari wachache watakukunjia uso kwa sababu wana dakika kumi na tano. Watazoea, na wakishaona faida watakuita kwa jina.

Hatua ya 6: Ukikosea, sema

Mwaka wangu wa kwanza, jioni, nikiwa nimechoka, nesi alinipa miadi ya mzee mmoja: saa ile ambayo mshale unasimama kwenye 8, asubuhi, na asile kitu toka usiku. Nikamwambia "saa nane". Siku ya miadi nilikuwa hospitali hiyo hiyo kwa kazi nyingine, nikamkuta sebuleni mchana. Alikuwa amefunga vifungo vya koti hadi shingoni, bahasha ya karatasi zake imo ndani ya mfuko wa plastiki juu ya mapaja. Akanitazama akafurahi. "Mwanangu, uliniambia saa nane, nami nimefika saa saba." Alikuwa hajala toka jana yake usiku, na kwenye kompyuta walishaandika kwamba hakutokea.

Nilikwenda dirishani na kumwambia karani mbele ya watu kwamba kosa ni la mkalimani, mgonjwa amefuata alichoambiwa. Jina la mzee likatolewa kwenye orodha ya wasiofika na akapangiwa siku ya karibu. Kisha nikamweleza yeye mwenyewe, kwa Kiswahili, nilichokosea. Mji, mwaka na ugonjwa nimeviacha makusudi, na siku zote uviache.

Toka hapo saa naitaja mara mbili: "saa mbili asubuhi, yaani kwenye simu yako utaona 8." Watu waliosoma kwa Kifaransa huhesabu saa tofauti na watu wa pwani, na watoto waliokulia huku wanahesabu kivyao. Mwombe mgonjwa akuonyeshe kwenye simu yake.

Kosa likitokea katikati ya mazungumzo, kanuni ni hiyo hiyo: "Mkalimani anarekebisha. Nilisema wiki mbili, daktari alisema miezi miwili." Aibu yake ni ya nukta chache.

Hatua ya 7: Usimlinde mgonjwa dhidi ya maneno

Hapa moyo utakuvuta. Daktari amesema saratani. Mbele yako ameketi bibi anayefanana na bibi yako, na mtoto wake wa kiume amekudaka mlangoni: "Dada, tafadhali, usimwambie mama ni kansa. Sema uvimbe. Atakufa kwa hofu." Kwetu hilo si uongo wa mtu mbaya; familia nyingi hubeba habari nzito kwa niaba ya mzee, na wanafanya hivyo kwa mapenzi.

Jibu lako ni moja: "Kaka, mimi siwezi kubadilisha neno, lakini ombi lako nitamfikishia daktari sasa hivi." Na ulifikishe, kabla mlango haujafunguliwa, pamoja na maelezo kwamba katika jamii nyingi zetu familia hupokea habari kwanza. Daktari anao uwezo wa kumuuliza bibi: "Ungependa nikueleze wewe mwenyewe, au nizungumze na mwanao?" Bibi ndiye mwenye kuchagua. Nimewaona wengine wakisema "zungumza na mwanangu". Wengine wamesema "niambie, mwili ni wangu". Kama ungesema uvimbe kwa huruma, ungekuwa umewanyang'anya wote hao wawili nafasi ya kusema.

Na daktari akishasema saratani, sema saratani, au kansa kama ndilo neno analolijua. Nyamaza baada yake. Usijaze kimya kwa pole zako.

Hatua ya 8: Jua wakati wa kupaza sauti

Utetezi umo katika kanuni, lakini ni wa mwisho. Unapaza sauti pale afya au utu wa mgonjwa unapokuwa hatarini. Mfano: asubuhi mgonjwa alimweleza nesi kwamba penisilini ilimvimbisha uso, na jioni daktari mwingine anaandika amoksilini, ambayo ni ya ukoo huo huo. Usikae kimya kwa hoja kwamba wewe ni sauti tu. "Mkalimani anaomba kusema: asubuhi mgonjwa alimweleza nesi habari ya penisilini. Daktari anaweza kumuuliza?" Umerudisha swali kwa wenye nalo. Kumshauri mgonjwa aikatae dawa, hapana.

Hatua ya 9: Siri, ndani na nje

Sheria ya faragha ya 1996, HIPAA, inakuhusu kama inavyomhusu nesi. Mtihani wenyewe utaupata harusini: "Nilikuona hospitali na mama fulani, anaendeleaje?" Jibu ni kwamba huruhusiwi kusema hata kama ulikuwepo. Ukikutana na mgonjwa sokoni, ngoja akusalimu yeye kwanza. Ukitafuta neno gumu kwenye kundi la wakalimani la WhatsApp, uliza neno tupu, bila kisa.

Usibaki peke yako na mgonjwa chumbani; daktari akitoka, toka naye. Ukichelewa kutoka, utaambiwa: "Mwanangu, usimwambie daktari, zile dawa nimeacha." Sasa umebeba kitu. Mwambie jambo hilo ni muhimu, alisema mwenyewe daktari akirudi, nawe utalisema kwa Kiingereza neno kwa neno. Lakini mtu akikudokeza kwamba anataka kujiua, au kwamba anapigwa nyumbani, nenda kwa timu ya matibabu mara moja na ufuate utaratibu wa hospitali.

Mambo mafupi ya kukumbuka

Mtoto akiletwa awe mkalimani wa mama yake, mwambie nesi upo. Kanuni za kifungu 1557 zinakataza kuwategemea watoto, isipokuwa kwa dharura ambayo mkalimani hapatikani. Fomu ya ridhaa usimweleze mgonjwa kwa maneno yako; isome kwa sauti kwa Kiswahili yote, daktari akiwepo kujibu maswali, na usiwe shahidi wa sahihi. Zawadi ya chakula kidogo ipokee kama hospitali inaruhusu. Pesa usipokee kamwe. Nambari yako ya simu usitoe, hata ukililiwa. Kwenye simu, uliza mapema nani yuko chumbani, maana huoni.

Hatua ya 10: Pata cheti

Anza na mafunzo ya saa 40, ndicho kiwango cha chini kinachotakiwa. Tume ya CCHI, inayotoa vyeti kwa wakalimani wa huduma za afya, iliyoanzishwa 2009, ina cheti cha CoreCHI ambacho Mswahili anaweza kukipata. Mtihani wake ni wa Kiingereza na unahusu maadili na kazi. Uwe na miaka 18, uwe umemaliza sekondari. Cheti kinadumu miaka 4, na ili kukihuisha lazima uendelee kusoma.

Baada ya kila miadi

Chana karatasi ulizoandikia, papo hapo hospitalini, kwenye sanduku la kuharibia karatasi za siri. Neno lililokushinda lihamishie kwanza kwenye daftari lako, neno peke yake. Langu wiki hii ni wengu, ambalo mama mmoja aliliita bandama nami nikasita. Kisha kaa dakika tano kwenye gari kabla ya kuwasha injini. Umesema "mimi" ya mtu aliyebakwa njiani, umesema "mimi" ya daktari aliyekosa la kufanya, na mwili wako hautofautishi vizuri. Kunywa maji. Zungumza na mkalimani mwenzako juu yako mwenyewe, bila kumtaja mgonjwa. Ukiona unaziota kauli za watu usiku, omba kupumzishwa kazi za aina hiyo kwa muda, na uombe mapema.